Hekalu la Mfanyabiashara

Enzi zile nasoma Mysore, kusini mwa India, mgeni yeyote aliyetoka nyumbani tulimpeleka kulekule: Somanathapura, Belur, Halebidu. Mahekalu hayo matatu ya ufalme wa Hoysala yanastahili sifa zote, na mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia. Lakini lililonikaa moyoni ni jingine, liko katika kijiji cha Doddagaddavalli, nje ya mji wa Hassan, na aliyenipeleka ni baba wa rafiki yangu wa darasani.

Ilikuwa likizo ya Sankranti, sikukuu ya mavuno, mwezi wa Januari, miwa imerundikwa kila kona ya soko la Hassan. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu. Usiku wa kwanza alinisikia nikiisifia Halebidu, akatulia mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Mwanangu, hayo umeyaona ni mambo ya mji mkuu. Kesho twende ukaone alichojenga mfanyabiashara na mkewe."

Asubuhi mama wa nyumba alituandalia ugali wa wimbi na mchuzi wa dengu, ugali uleule niliokulia, ila wao wanauviringa mpira mmoja mkubwa na kuumeza bila kutafuna. Tukaondoka tumeshiba.

Hekalu liko pembeni mwa ziwa dogo, minazi imelizunguka, ukuta wa mawe umelikumbatia. Hapakuwa na watalii. Vilele vyake vingi ni vya ngazi ngazi, bila yale manakshi yanayofunika kuta za Halebidu, na ukipita haraka unaweza kudhani hakuna cha kuona. Mzee alinisimamisha kwanza kwenye maandishi ya jiwe. Yanamtaja Kullahana Rahuta, mfanyabiashara, na mkewe Sahaja Devi, waliolijenga mwanzoni mwa karne ya 12 chini ya mfalme Vishnuvardhana, kwa ajili ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Jina la mke limeandikwa kwa heshima ileile ya mume. Nilimwomba anisomee tena.

Ndani, vyumba vinne vya ibada vinakutana kwenye ukumbi mmoja wenye giza. Nguzo ni za mviringo, zimezungushwa na kusuguliwa hadi pete zake zinateleza chini ya kidole. Jiwe lenyewe ni laini likitoka ardhini, hukakamaa kadiri linavyokaa hewani. Ni la jamii ya lile linalochongwa Tabaka kule Kisii. Ndiyo maana mafundi wa Hoysala waliweza kuchonga hata mikufu na kucha.

Kisha chumba cha Kali, mungu wa kike wa kutisha. Mlangoni wamesimama vetala wawili, mizimu mitupu ya mifupa, mbavu zimetokeza, vinywa wazi. Nilirudi nyuma hatua moja. Mzee akanishika bega: "Usiogope, hawa ni walinzi wake." Kali mwenyewe ameketi ndani, mikono mingi, uso mkali lakini haukosi utulivu. Sikuja pale kuabudu, dini yangu ni nyingine. Hata hivyo nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mahali popote siku ile. Fundi aliyemchonga alijua namna ya kuweka hofu na ulinzi katika uso mmoja, na hilo kwangu ni kipaji kikubwa kuliko wingi wa manakshi.

Tulipitia Mosale, penye mahekalu mawili yanayofanana kama pacha, moja la mungu Shiva na jingine la mungu Vishnu, yametengana hatua chache tu. Jioni tukaishia Halebidu. Safari hii hatukwenda kwenye hekalu kubwa, tulikwenda palipokuwa mji wenyewe, Dwarasamudra, mji mkuu wa Hoysala. Jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, lilifika hapa mwaka 1311, na baada ya miongo michache ufalme ulikwisha. Jumba la mfalme limebaki misingi na vifusi kwenye nyasi. Mzee alitembea juu yake polepole, akinionyesha kwa fimbo ukuta wa ngome ulipopita.

Mwaka 2020 rafiki yangu alinitumia habari: sanamu ya Kali ya Doddagaddavalli imekutwa imevunjika. Nililia, sioni haya kusema. Karne tisa zimepita juu yake, vita na mvua za masika, halafu likatokea hilo katika zama zetu. Nilimpigia mzee. Hakuongea sana. Aliniuliza kama bado ninazo picha za siku ile, hasa za mikono, maana alitaka wanafunzi wa kijijini waichore sanamu ilivyokuwa. Nilimtumia zote usiku uleule.