Phoebe Asiyo baada ya Bunge

Wengi humkumbuka Phoebe Asiyo kama mbunge wa Karachuonyo, lakini kwangu kazi yake nzito zaidi ni ile ya baada ya kutoka bungeni. Akiwa bado mbunge, hoja yake ya 1997 ya kuwatengea wanawake viti bungeni iliangushwa. Baadaye akaingia tume ya kurekebisha Katiba ya Kenya chini ya Yash Pal Ghai, akiwa kamishna. Rasimu ya 2005 ilikataliwa kwenye kura ya maoni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 97, ndiyo ikaleta viti 47 vya wanawake bungeni, kimoja kila kaunti. Kilichokwama ni Kifungu cha 81(b): jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa, kama Bunge. Mswada wa kukitekeleza ulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349, na Februari 2019 hata waliofika ukumbini hawakutimia. Inauma sana.