Tulipokwenda Tanga kuachishana ziwa

Mwanangu alitimiza miaka miwili Novemba 2018, na tangu wiki hiyo mama yangu hakupiga simu bila kuuliza swali lilelile. Nampa shikamoo, anaitikia nusunusu, kisha: "Umeshamwachisha?"

"Bado, Mama."

"Unangoja nini, aote ndevu?"

Kwake hapakuwa na mjadala. Miaka miwili kamili ndiyo iliyotajwa kwenye Suratul Baqara. Kliniki nako manesi walikuwa wametuimbia tangu mimba: miezi sita maziwa ya mama matupu, kisha endelea nayo pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Hilo "au zaidi" Mama hakutaka kulisikia. Alisema limeongezwa na watu wa siku hizi wasioweza kuvumilia kilio. Mume wangu naye alikamata ile sehemu ya aya inayowataka wazazi waridhiane na washauriane wakitaka kumwachisha mtoto, na kila akiulizwa alijibu kwamba anangoja kushauriwa.

Mimi nilikuwa nimechoka, na bado sikutaka. Tulikuwa tunakaa Dar es Salaam, Kimara, kazi yangu ilikuwa Posta, katikati ya jiji. Likizo ya uzazi ni siku 84, zikiisha zimeisha. Sheria inampa mama saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, na kwenye karatasi zinapendeza, lakini kwa mtu wa Kimara saa mbili hizo zinaishia ndani ya basi la mwendokasi, umesimama, umeshika bomba, maziwa yanalowesha blauzi na abiria wanajifanya hawaoni. Kwa hiyo tangu mchanga tulizoea kufidiana usiku. Mchana nilimwachia dada wa kazi maziwa niliyokamua, anamnywesha kwa kikombe. Usiku ulikuwa wetu.

Na mtoto aliujua usiku wake. Akisikia geti linagonga anakuja mbio amevaa kandambili za baba yake, ya kushoto mguu wa kulia, anaanguka njiani, anainuka bila kulia kwa sababu hana muda huo. Kabla sijaweka pochi chini keshavuta shingo ya gauni. Ananyonya moja huku mkono umekamata la pili, kuhakikisha halichukuliwi na mtu, na jicho moja linanitazama usoni. Kuna siku nilitukanwa ofisini mbele ya watu, nikapanda basi nimeuma meno mpaka Kimara, na nilipokaa kwenye lile kochi letu bovu akaanza kunyonya, hasira ilinitoka hata sikuona imeondoka saa ngapi. Nani anaacha kitu kama hicho kwa hiari yake?

Lakini chakula hali. Hilo ndilo lililonishinda. Dada akipika uji wa lishe, mtoto anaupokea vizuri, anauweka shavuni, anatembea nao nyumba nzima, na baadaye unakutana nao kwenye pazia. Wali aliutema, ndizi aliisaga mkononi. Vitu alivyokula kwa moyo ni udongo wa kwenye chungu cha maua na, siku moja, kona ya kipande cha sabuni ya kufulia. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa umelala badala ya kupanda, na nesi aliponionyesha hakugomba, aliniuliza tu usiku ananyonya mara ngapi. Nikacheka. Nani anahesabu?

Ushauri ulikuja kutoka kila kona. Jirani alisema pilipili. Mwenzangu wa ofisini alisema mwarobaini uliotwangwa. Mwingine aliniambia nibandike plasta, nimwonyeshe mtoto kwamba nimeumia, ataniona huruma. Yule hakuwa anamjua mwanangu. Pilipili niliikataa palepale na mpaka leo naikataa: mtoto anajifuta mdomo kwa kiganja, kiganja hichohicho kinakwenda jichoni, na umemfundisha kwamba mahali alipokuwa akikimbilia panachoma. Desemba nilipopata likizo, Mama akasema mleteni Tanga, maneno yamekuwa mengi.

Safari ya kutoka Ubungo alinyonya mpaka Chalinze, akalala, akaamka Segera, akanyonya mpaka Muheza. Nilimfunika kwa kanga. Kila tukisimama aliifunua kwa ghafla kuwasalimia waliopanda, na mimi nikabaki nahangaika kujisitiri. Mzee mmoja wa kiti cha pili aliitikia salamu zake zote bila kugeuza shingo. Mungu amlipe.

Nyumba yetu ipo Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mama alitupokea mlangoni, akambeba mjukuu wake kabla hajanitazama mimi. Mwanangu amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo Mama hamwiti kwa jina; humwita "mume wangu", na hufanya naye ugomvi wa mke na mume. "Mume wangu, umekuja na mkono mtupu? Kilo ya sukari ipo wapi?" Mtoto akampa ganda la biskuti lililokuwa limegandamana kiganjani tangu Chalinze.

Uani palikuwa na mshubiri umeota kwenye kopo la rangi. Jioni hiyo Mama alikata jani moja, akalisimamisha juu ya kisosi. Sikuwa nimewahi kuangalia kwa makini: kinachochuruzika kwanza ni utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda, na huo ndio mchungu wenyewe. Ule ute mweupe wa ndani, ambao siku hizi wasichana wanapaka kwenye nywele, hauna makali hayo. Mama alichovya ncha ya kidole, akapaka kidogo mno, nikadhani anabania. "Huu ukizidi unaharisha," akasema. "Tunataka akasirike, hatutaki augue."

Nikakaa kwenye mkeka. Akaja mwenyewe, kandambili za bibi yake miguuni, akajilaza, akavuta.

Sura yake ilikunjika yote kwa pamoja, macho, pua, paji la uso. Akaachia, akatema, akatoa ulimi nje na kuufuta kwa viganja viwili. Kisha akaliangalia lile ziwa kwa muda mrefu, kimya. Mama kwenye kigoda alijifunga kanga vizuri, tayari kwa kilio. Kilio hakikuja. Mtoto alishika ncha ya kanga yangu, akafuta. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akafuta tena, safari hii kwa nguvu, midomo ameibana kama fundi anayepiga msasa. Akaonja. Bado. Akashuka mapajani, akaenda mpaka kwenye ndoo ya maji, tukamsikia anahangaika na kata, akarudi na kikombe cha plastiki kinachomwagika njia nzima, akaniwekea mbele.

"Mama, osha."

Mama yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jirani akachungulia kuuliza kuna nini, akahadithiwa, naye akakaa chini kucheka. Mtoto alisimama na kikombe chake, hacheki, anangoja huduma. Nikaosha. Ungefanya nini? Nikaosha vizuri kwa sabuni, nikamnyonyesha palepale, na Mama akajifuta machozi akasema, "Basi. Shubiri imeshindwa, na wewe ndiyo hufai kabisa."

Ndiyo maana kesho yake alinitoa kwenye shughuli. Baada ya Isha alimchukua, akamwogesha, akampaka mafuta ya nazi, akamlisha wali na mchuzi wa samaki huku akimhadithia sungura na fisi, akatangaza: "Leo mume wangu analala kwangu." Mimi nikaambiwa nilale chumba cha uani, na nikisikia lolote nisinyanyue mguu.

Nililisikia. Kwanza aliita kwa heshima: "Mama, nyonyo." Kisha akaanza kuita kwa amri. Kisha kilio chenyewe, kile cha kupandisha pumzi mpaka unajiuliza kama itashuka. Katikati ya kilio nasikia sauti ya Mama, haipandi wala haishuki: "Nyonyo imelala, mume wangu. Nyonyo imechoka. Mimi nipo." Maziwa yakanijaa kwa kusikia tu. Hilo mwanamume humwelezi akaelewa, nililijaribu kwa mume wangu kwenye simu akaniuliza kama nimekunywa panadol. Nilikaa kitandani nimekumbatia mto, mbele ya gauni pamelowa, naangalia mlango. Halafu kukanyamaza ghafla, na ukimya ule ukanitisha kuliko kelele. Nikanyata mpaka dirishani.

Ilikuwa ni sikio. Mama yangu ana masikio ya wanawake wa zamani wa pwani, yametogwa kuanzia juu mpaka chini, na ndewe zake zimepanuka kwa miaka ya kuvaa vipuli vizito. Sasa havai kitu. Mwanangu alikuwa amelala ubavu amemwelekea, kidole cha shahada amekiingiza kwenye tundu la ndewe, anakizungusha taratibu. Bado ana kwikwi. Mama amefumba macho, uso umevumilia, na mkono wake unampigapiga mgongoni.

Asubuhi matiti yalikuwa yamekuwa mawe. Mama alinitazama ninavyotembea, mikono mbali na mwili, akajua. Akaniwekea kitambaa cha maji ya moto, nikakamua kwenye bakuli, na alisimama juu yangu kama askari. Nilipoanza kupata nafuu nikataka kumaliza, akaninyang'anya bakuli. "Kamua ya kupunguza maumivu tu. Ukilimaliza lote, mwili unadhani umeagizwa mengine." Baadaye akanipa kitambaa cha maji baridi. Alinikataza kujikaza kwa kanga kifuani, ingawa shangazi zangu wote walifanya hivyo. Alisema dada yake mmoja alijifunga hivyo, ziwa likatunga usaha, akapasuliwa. Alinipapasa kila asubuhi kutafuta donge, bila haya, kana kwamba bado nina miaka sita.

Mtoto? Mtoto alikuwa uani anakula. Mbaazi za nazi, maandazi, sahani yake mwenyewe, mchuzi mpaka kwenye nyusi. Alipomaliza akasogea kwenye sahani ya bibi yake. Nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia taya zake zinavyokwenda, mtu niliyembembeleza mwaka mzima kwa kijiko na nyimbo na ndege ya kuruka, na nilimwonea kidogo wivu yule bibi. Nilimwonea wivu na mbaazi pia.

Hakunisahau. Mchana alikuja kunikagua. Anafunua shingo ya gauni, anachungulia, anauliza, "Imelala?" Namwambia imelala. Anaifunika vizuri kwa viganja, anaipigapiga mara mbili tatu kama alivyopigwa yeye usiku, anaondoka kufukuza kuku. Siku hizo alijifunza pia kusema hapana, kuvua nguo zote mbele ya wageni na kurusha vitu kisimani kwa jirani. Kandambili ya bibi yake moja ipo humo mpaka leo. Kila usiku kilio kikawa kifupi, na kila usiku kidole kwenye ndewe. Mama alianza kuamka na sikio jekundu. Hakulalamika, ila alihamia upande wa pili wa kitanda ili wagawane.

Tulirudi Dar likizo ilipokwisha. Njia nzima mtoto alikula mahindi ya kuchoma na kuwatangazia abiria kwamba nyonyo ya mama imelala, na konda akamjibu tuiache ilale. Mume wangu alitupokea Ubungo, akambeba, akasema mtoto amekuwa mzito, akaniangalia akitaka kujua kama na yeye sasa ameshashauriwa.

Usiku ule nikamlaza kati yetu. Akageuka, akapeleka kidole kwenye sikio langu. Akatafuta. Mimi nilitogwa tundu moja dogo kila upande, tena la kulia limeshaanza kuziba. Akajaribu kwa kucha, akaketi, akanipanda kichwani kukagua la pili, kisha akatamka kwa uchungu mkubwa: "Siyo hii!" Tukamjaribisha la baba yake. Akalisukuma. Saa tano usiku nyumba nzima iko macho, dada amesimama mlangoni anauliza kama aoneshe na lake, na mimi nampigia Mama simu.

Alipokea akiwa na usingizi, akasikiliza kilio, akasikiliza maelezo yangu. Kimya kidogo.

"Sasa unataka nini, mwanangu? Nilikate nikutumie na basi la asubuhi?"

Mume wangu akaniambia nimjibu aje mwenyewe, na yote mawili. Jumamosi nilikwenda kumpokea Ubungo. Alikuwa amebeba kapu la nazi, begi la nguo za kukaa mwezi mzima, na kandambili mpya alizonunua kufidia ile ya kisimani.