Nilivyomlisha mwanangu kwa kukamua, kaakaa lake likiwa wazi

Mwanangu alizaliwa na uwazi kwenye kaakaa, yaani paa la kinywa. Midomo yake ilikuwa mizima kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeuona uwazi huo mapema. Alikuwa ziwani kutwa nzima: ananyonya, anachoka, anasinzia, anaamka analia, na vitone vya maziwa vinamtokea puani. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyemmulika kinywani kwa tochi, akaniambia, "Mama, huyu hawezi kuvuta, hewa yote inapotelea juu. Lakini maziwa yako anayahitaji sana, usiyaache yakauke." Akaniletea kikombe kidogo, akakaa kitandani pangu kunifundisha kukamua kwa mkono.

Naandika kwa ajili ya mama aliyeambiwa mtoto wake hataweza kunyonya, na tayari ndugu wameanza kumtajia maziwa ya kopo. Kopo lina mahali pake, na kuna watoto limewaokoa. Ila kukamua peke yake kunaweza kumlisha mtoto akanenepa. Wangu alikunywa maziwa yangu hadi alipofanyiwa upasuaji na hata baada ya hapo, bila kulivuta ziwa hata siku moja.

Siku za mwanzo mkono hufaa kuliko pampu. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni zito na ni kidogo, likipita kwenye pampu huishia kwenye kuta za chupa. Unaweka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu, unasukuma kuelekea kifuani, kisha unabana bila kuburuta vidole juu ya ngozi. Nilikuwa napata kijiko cha chai, pengine pungufu, nacho kilimtosha. Maziwa yalipoanza kujaa ndipo nikahamia kwenye pampu ya umeme ya pande mbili aliyoninunulia mume wangu.

Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili unapunguza kasi, likikamuliwa, unaongeza. Kwa hiyo kama mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, mama anayekamua naye ahesabu karibu na hapo, angalau miezi ya kwanza ambayo ndiyo inajenga wingi wa maziwa. Na usiku usirukwe. Homoni ya prolaktini, ambayo ndiyo inayoagiza maziwa kutengenezwa, hupanda zaidi usiku. Saa nane usiku simu yangu ilikuwa inalia, naamka naketi kwenye mkeka nimeegemea kitanda, na mara nyingi chupa za saa hiyo zilijaa kuliko za mchana. Ningeambiwa nichague mara moja tu ya kuilinda kwa nguvu zote, ningechagua hiyo.

Mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Moshi kunilea. Nilikunywa mtori, nikanywa uji wenye pilipili manga, majirani wakaleta supu ya pweza. Nilikula vyote kwa shukrani, maana mzazi anahitaji kushiba na kunywa maji ya kutosha. Hata hivyo siku ya mtori mzito ambayo wageni walinifanya niruke kukamua, kesho yake maziwa yalishuka; siku ya wali na maharage niliyokamua kwa wakati, hayakushuka. Ndiyo maana huwa naumia nikiona mama anatumia hela nyingi kwenye majani na vidonge vya kuongeza maziwa, halafu anakamua asubuhi na jioni tu. Dawa za hospitali za kuongeza maziwa zipo, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari.

Kuhusu pampu yenyewe, kagua faneli inayokaa kwenye chuchu. Yangu ilikuja na ya milimita 24, ambayo ndiyo huuzwa na pampu nyingi, na kwangu ilikuwa pana: ilikuwa inameza chuchu pamoja na nyama ya pembeni, natoka nimechubuka na maziwa nusu yamebaki ndani. Nilipopata ndogo yake, maumivu yalikwisha ndani ya siku chache. Kagua pia vali, kile kipande laini cha silikoni chenye mdomo mwembamba. Kikichoka, mdomo hauzibi sawasawa, mvuto unapungua, na wewe unadhani maziwa yamekauka. Mlio wa pampu pia hubadilika, unakuwa mwepesi kama inavuta hewa tupu. Nilikuwa na vali za akiba kwenye droo, na pampu ndogo ya mkono kwa siku ambazo umeme umekatika.

Wakati pampu inafanya kazi, mikono nayo ifanye. Nilikuwa nayakanda matiti kuanzia kwapani kushuka chini, nikitafuta sehemu zilizo ngumu, na pampu ikishazimwa namalizia kwa mkono dakika chache. Yale ya mwisho huwa mazito, yenye mafuta zaidi. Nilizivika chupa soksi za mtoto ili nisizitazame, kwa sababu kukodolea macho mililita kunatia wasiwasi, na wasiwasi unazuia maziwa kushuka. Mtoto alikuwa karibu, namnusa kichwani.

Mama mkwe wangu alipata shida na maziwa ya kwenye friji. Asubuhi moja alitoa chupa akakuta tabaka la njano juu na maji maji ya buluu chini, akaja nayo hadi chumbani. "Mwanangu, haya yamekatika, nimwage?" Nikamwambia, "Hapana mama, hayo ni mafuta yamepanda juu." Tukaiweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, tukaizungusha taratibu, yakawa meupe tena. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa friji, anaandika tarehe kwenye kila chupa na hakuna anayesogea. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa hadi saa 4 mezani pasipo na joto kali, siku 4 kwenye friji, na kwenye friza miezi 6 yakiwa bado mazuri. Kwa joto la Dar sikuyaacha mezani kabisa. Yaliyoyeyushwa hayarudishwi kwenye friza.

Kumnywesha kulikuwa na utaratibu wake: ameketishwa karibu wima, chupa laini ya kuminya, unaminya kidogo anameza, unapumzika, unambeusha mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi.

Likizo ya uzazi ya siku 84 ilipoisha nilirudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na mimi nilikwenda nayo kwa bosi nikiwa nimeichapisha. Kukamua ni kunyonyesha. Mama asione haya kulisema hilo. Nikapewa chumba cha mafaili chenye komeo. Nilibeba begi la kutunza baridi lenye vipande vya barafu, na vifaa vya pampu seti mbili, kwa kuwa kuviosha kwa sabuni na kuvikausha kila mara kunakula muda.

Pamoja na hayo maziwa yalipungua kazini. Nilichofanya ni kukamua kwa mfululizo: dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Jumla ni saa nzima, mara moja kwa siku, jioni mtoto akiwa kwa bibi yake. Siku za mwanzo hakitoki cha maana na unaweza kukata tamaa, lakini mwili umeshapokea oda. Kabla ya wiki kuisha chupa zilianza kurudi kwenye kimo chake.

Alipokaribia mwaka alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya CCBRT, kaakaa likafungwa. Wakati huo alikuwa anakula vizuri, na alipopona nikaanza kuacha. Niliondoa mara moja ya kukamua, nikasubiri siku kadhaa mwili uzoee, nikaondoa nyingine. Yaliyobaki kwenye friza niliyatia kwenye uji wake. Usikate ghafla, maana maziwa yakituama huleta uvimbe. Ukiona ziwa limekuwa jekundu, linauma na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiache kuyatoa maziwa kwa kuogopa maumivu.