Siku tatu na Liwali

Nyanya yangu alikuwa na paka aitwaye Liwali. Jina alimpa mwenyewe. Alikulia Mji wa Kale enzi ambazo Mombasa ilikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na maliwali wa kweli, wawakilishi wa Sultani, aliwaona kwa macho yake wakipita Ndia Kuu. Alisema wote walikuwa na mwendo mmoja, mwendo wa mtu anayejua kuwa atapishwa. Paka wetu naye hakuwahi kumpisha mtu. Alikuwa wa kijivu, tumbo likiburura sakafuni, sikio moja limechanika kwa vita vya juu ya mapaa.

Mwaka 2009, wiki chache kabla ya Ramadhani, harusi zilikuwa zimefuatana kama kawaida ya mwezi wa Shaabani, na Nyanya akaalikwa Lamu. Mimi nilikuwa na miaka 22, sina kazi, kwa hivyo hapakuwa na mjadala kuhusu nani atabaki na Liwali.

"Mume wangu," akaniambia, huku akifunga mzigo wake, "dagaa hali. Pono hali. Changu atakula, tafi ndiyo roho yake. Mtoe miba yote, chumvi usitie. Na maji ya bakuli hanywi, mfungulie bomba yadondoke."

"Na asipotaka?"

"Atakifukia."

Hilo nililijua. Liwali akiletewa chakula kisichompendeza hakuwa akilia wala kuondoka. Alikinusa, akarudi nyuma hatua moja, kisha akaanza kuparua sakafu kuzunguka sahani kwa mguu wa mbele wa kulia, polepole, kama mtu anayetia mchanga kaburini. Sakafu yetu ni ya saruji. Haikumzuia. Paka wengi hufanya hivyo, lakini sijaona mwingine aliyefanya kwa dharau kama ile, macho akimkazia aliyepika.

Nyanya akapanda basi alfajiri kwenda Mokowe, avuke kwa boti. Akaniachia pesa za siku tatu.

Sasa, Nyanya alisahau jambo moja, au labda hakusahau. Ilikuwa kusi. Upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka, wenye ngalawa na madau madogo hawatoki nje ya mwamba ila siku moja moja, na samaki wachache wanaofika soko la Bandari ya Kale huuzwa kwa bei ya mahari. Nilipouliza tafi, mchuuzi alinitazama kwanza.

"Mna wageni?"

"Mmoja," nikasema.

Sikuthubutu kununua. Siku ya kwanza nilijifanya mjanja, nikanunua dagaa wakavu, nikawachemsha hadi wakalainika. Liwali akafukia. Nikamkatia hamri. Akafukia. (Miaka baadaye nilisoma kwamba ulimi wa paka hauonji sukari kabisa, kwa hivyo hamri langu kwake halikuwa na tofauti na sifongo.) Usiku akalala juu ya mswala wa Nyanya, mgongo kanigeuzia.

Siku ya pili nikarudi sokoni nikiwa mpole. Nikanunua tafi wawili, na pesa zikaishia hapo. Mimi chakula changu kikawa mbaazi kwa mahamri asubuhi, na jioni mbaazi zilizobaki asubuhi. Tafi niliwachemsha, nikatoa miba mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Tafi ana miba ya mapezi ichomayo vibaya, na kidole changu cha shahada kilivimba. Mmoja nikamweka kwenye friji, mwingine nikampelekea bwana mkubwa.

Akanusa. Akanitazama. Akafukia.

Nikaanza kuogopa kweli. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake linaweza kuharibika, na ingawa wakati ule hilo sikulijua, uso wa Nyanya niliujua. Simu ikalia palepale.

"Liwali amekula?" Hakuna salamu, hakuna habari ya harusi.

"Hataki, Nyanya. Hata tafi."

"Wa moto au baridi?"

"Niliacha apoe."

"Atamnusaje akipoa? Pasha. Na leso yangu umeivaa?"

"Nivae leso?"

"Ataijua harufu. Kisha wamsemesha?"

"Nimsemeshe nini?"

"Habari za mtaa! Kwani wewe mtu akikutupia sahani akaenda zake, utakula?"

Akakata. Baada ya dakika kumi ukaja ujumbe wa M-Pesa, shilingi mia tatu, na baada yake ujumbe mwingine: za Liwali, usile wewe.

Jioni ile nikafunga mlango kwa komeo. Nikampasha yule tafi wa kwenye friji, nikajifunga leso ya Nyanya, moja kiunoni na nyingine kichwani, nikachuchumaa jikoni. "Ndoo, Liwali. Ndoo, baba." Sauti niliilegeza kidogo, kama yake. Akaja. Akakaa. Hakula, lakini hakufukia pia. Alikuwa akisubiri habari.

Nikamweleza kwamba mwenye duka la kona amenunua pikipiki na hajui kuiendesha. Akaonja. Nikasema bwana harusi wa juzi alichelewa kwa sababu kanzu iliungua kwa pasi. Akala robo. Kila nilipofika mwisho wa kisa aliinua kichwa, na mimi mtaa wangu siujui vizuri kama Nyanya. Habari zikaniishia samaki akiwa nusu.

Kwa hivyo nikatumia nilichokuwa nacho tumboni.

"Na jirani yetu," nikamwambia, "mbaazi zake siku hizi ni za tui la tatu, wallahi. Nazi imebaki jina tu. Mimi nazila kwa dhiki, Liwali."

Liwali akala hadi akalamba sahani. Nikainuka kwa furaha, nikageuka kuelekea dirishani.

Uchochoro wetu ni mwembamba kiasi kwamba jikoni kwetu na jikoni kwa jirani watu hupeana chumvi kwa mkono. Mama yule alikuwa amesimama dirishani kwake, mwiko mkononi. Alinitazama kuanzia leso ya kichwani mpaka ya kiunoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akafunga dirisha taratibu.

Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia hodi. Ni yeye, na bakuli limefunikwa kawa. Alipofunua, tui lilikuwa zito, jeupe, limesimama juu ya mbaazi kama malai.

"Hizi si za kuuza," akasema. "Na si zako. Mpe Liwali aonje, kisha aniambie kama ni tui la tatu."

Nikaweka bakuli chini. Yeye akabaki mlangoni, mikono kifuani. Liwali akaja bila haraka, akanusa upande huu, akanusa upande wa pili. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akainua mguu wa mbele, ule wa kulia.