Joka nalikubali, farasi asiyekula simkubali

Msomaji wa riwaya za fantasia humsamehe mwandishi makubwa, kisha akamkasirikia kwa madogo. Wala si ukorofi. Joka ni sharti tulilokubaliana tangu ukurasa wa kwanza. Farasi hakutajwa katika sharti hilo, basi anabaki kuwa farasi. Farasi wa kazi hula takriban kilo 10 za majani na nafaka kwa siku, na kunywa maji lita 30 hadi 40. Jeshi lenye farasi 2,000 linataka tani 20 za chakula kila kukicha. Likivuka jangwa siku kumi bila msafara wa mizigo, vita vya sura inayofuata havinitishi tena, hata viandikwe kwa ufundi gani.

Ramani ya mwanzoni mwa kitabu ndiyo inayowaumbua wengi. Chukua uzi, ulaze juu ya njia ukifuata kona zake, kisha uupime kwa kipimo cha ramani. Mwenye farasi mmoja huenda kilomita 40 au 50 kwa siku, akitaka mnyama aamke kesho. Jeshi la miguu lenye mikokoteni huenda 20 hivi. Usishangae ukikuta jeshi limemtangulia mjumbe aliyetumwa kutangaza ujio wake.

Riwaya za kihistoria hujikwaa kwingine. Tarehe za vita na majina ya wafalme kwa kawaida huwa sawa, maana hizo kila mtu huzikagua. Makosa hujificha jikoni na midomoni. Nyanya na viazi mviringo kwenye karamu ya Ulaya ya karne ya 14? Vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492. Mkulima wa karne ya 12 anasema "nisubiri dakika tano", ilhali saa ya pendulamu, iliyowezesha kuhesabu dakika kwa uhakika, ilibuniwa 1656. Linalonichosha kuliko yote halina tarehe: shujaa anawaza kama mtu wa leo, na waovu peke yao ndio wanaowaza kama watu wa zama zao.

Ila usiikimbilie kalamu nyekundu. Barua iliyoandikwa Paris tarehe 12 Mei 1650 ingeweza kupokewa London tarehe 7 Mei, na mwandishi asiwe na kosa. Ufaransa ilihamia kalenda ya Gregory, hii tunayoitumia leo, mwaka 1582, Uingereza ikangoja hadi 1752. Mwaka huo wa barua kalenda ya London ilikuwa nyuma ya ile ya Paris kwa siku 10.

Ukisoma ili umpe mwandishi maoni, yaandike papo hapo: namba ya ukurasa na neno moja tu, "siamini", "nimechoka", "nimecheka". Ukingoja hadi mwisho, sura ya mwisho ikiwa tamu itakusahaulisha kurasa 200 ulizozipita kwa kupiga miayo.