Filta nyekundu ndani ya kompyuta: ninavyogeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe

Ukiondoa rangi kwa kubonyeza kitufe kimoja, anga la bluu na majani ya mwembe mara nyingi hutoka kwa kijivu kinachokaribiana, na picha inakuwa bapa. Hakuna hitilafu yoyote hapo. Programu nyingi huchanganya chaneli tatu za picha, yaani viwango vya rangi zake tatu za msingi katika kila pikseli, kwa uwiano wa takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kufuata jinsi jicho la binadamu linavyopokea mwangaza. Uwiano huo ni wa haki kwa jicho, lakini haujui wewe unataka nini kionekane.

Wapigapicha wa filamu walifunga kioo cha rangi mbele ya lenzi. Filta hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ule wa rangi iliyo kinyume nayo, hivyo filta nyekundu hung'arisha vitu vyekundu na kutia giza anga la bluu. Mwaka 1927 Ansel Adams, alipopiga picha ya mwamba wa Half Dome huko Yosemite, alipiga kwanza kwa filta ya manjano, kisha akaibadilisha kwa filta ya Wratten namba 29, nyekundu nzito, na anga likatoka karibu jeusi. Leo kazi hiyo naifanya baada ya kupiga. Nashika msimamo mmoja: filta naiigiza kwa kuchanganya chaneli tatu za picha nzima, na slaida za rangi moja moja, yaani vitelezi vya programu vinavyogusa rangi moja tu, naziacha kwa marekebisho madogo tu.

Kwanza, kioo chenyewe usikifunge kwenye kamera ya kawaida ya dijitali. Katika kila pikseli nne za sensa, mbili husoma kijani, moja nyekundu na moja bluu. Ukiweka filta nyekundu namba 25, ni ile robo nyekundu tu inayopata mwanga wa maana, na bado unalipa stopu tatu za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Kamera zenye sensa isiyosoma rangi kabisa, kama Leica M Monochrom iliyotangazwa 2012, ndizo zinazohitaji kioo, kwa kuwa faili lake halina rangi za kuchanganya baadaye. Sisi wengine tupige RAW, yaani faili ghafi la sensa, lenzi ikiwa wazi.

Sasa hesabu, maana ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Tuseme pikseli ya anga ina nyekundu 110, kijani 150, bluu 210, katika kipimo cha 0 hadi 255. Kwa uwiano wa kawaida inatoka 145. Kwa mchanganyiko wa 55/45/0 (asilimia za nyekundu, kijani na bluu, kwa mpangilio huo), ambao ndio ninaouita filta ya chungwa, inashuka hadi 128. Kwa 100/0/0, yaani nyekundu, inashuka hadi 110. Nikienda 130/−10/−20 inafika 86, na hapo anga linaanza kuwa la kutisha. Wingu jeupe lenye 240 katika chaneli zote linabaki 240 kote, mradi jumla ya namba tatu ni 100. Anga linashuka, wingu halisogei: hiyo ndiyo athari ya filta yote. Jumla ikifika 110, wingu hilo linakwenda 264, linapita 255, na maelezo yake yanapotea.

Naanzia hapa: manjano 35/60/5, chungwa 55/45/0, nyekundu 100/0/0, kijani 15/75/10. Nyekundu nzito ya 130/−10/−20 naitumia kwa nadra. Zingatia kwamba programu nyingine huchanganya katika mwanga mnyoofu, yaani thamani kama sensa ilivyozipima, kabla ya mkunjo wa gama unaozirekebisha kwa ajili ya skrini, na nyingine baada yake, kwa hiyo namba zile zile hazitoi kijivu kile kile kila mahali. Zichukue kama mahali pa kuanzia, kisha jicho liamue.

Ngozi inastahili kutazamwa kwa karibu, hasa ngozi yetu nyeusi, kwa sababu maelekezo mengi yaliyozoeleka yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Melanini hunyonya bluu na kijani zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo chaneli nyekundu ndiyo angavu kuliko zote usoni. Chukua shavu lenye thamani za pikseli 120/80/60, na pembeni yake mng'ao wa jua kwenye paji la uso wenye 230/215/205. Kwa nyekundu tupu shavu linakuwa 120 dhidi ya 230, uso unang'aa na kulainika, lakini umbo lake linapungua na midomo inazama ndani ya ngozi. Kwa kijani tupu ni 80 dhidi ya 215: mng'ao unachomoza, mifupa ya uso inaonekana, mikunjo ya mzee inasomeka. Kwa hiyo picha ya mvuvi mzee naipa mchanganyiko wa kijani halafu napandisha mwangaza wa jumla kidogo. Picha ya bibi harusi naipa 50/45/5. Sioni sababu ya kung'arisha ngozi kwa nyekundu tupu kwa mazoea tu. Mtu anatoka hafanani na alivyo.

Vitambaa navyo vina mitego yake. Kanga nyekundu yenye maua meupe, nyekundu yake ikiwa 190/30/40, kwa uwiano wa kawaida ni 79, na maua yanaonekana vizuri. Kwa filta nyekundu inaruka hadi 190, na maua ya 235 yanakaribia kufutika. Kwa kijani inaanguka hadi takriban 55 na maua yanawaka. Ukitaka anga jeusi na kanga inayosomeka katika picha moja, geuza mara mbili kwenye leya (tabaka) mbili, nyekundu kwa anga na kijani kwa watu, kisha uziunganishe kwa maski, yaani kinyago kinachoficha sehemu ya leya, yenye ukingo mpana.

Slaida nane za rangi, kama zile za Lightroom, zinavutia kwa sababu unagusa bluu peke yake na anga linashuka papo hapo. Tatizo ni kwamba zinaikata picha kwa rangi. Kwenye ukingo wa jani la mnazi dhidi ya anga kuna pikseli ambazo si kijani wala si bluu, nazo zinaachwa nyuma: unapata uzi mweupe kuzunguka kila jani. Kuchanganya chaneli hakuleti hilo, kwa sababu kila pikseli inapita kwenye hesabu ile ile, kama ambavyo kioo hakichagui. Mimi sizidishi −20 au −25 kwenye slaida ya bluu, na kila mara nakuza hadi asilimia 100 kukagua ukingo.

Madoa ya mraba yanayojitokeza wakati mwingine angani yana chanzo kingine. JPEG ya simu mara nyingi huhifadhi mwangaza kwa ukamilifu, lakini rangi kwa nusu ya vipimo kila upande. Ukiivuta chaneli nyekundu peke yake unavuta pia ile rangi iliyobanwa, na vipande vya pikseli 8 au 16 vinajitokeza. Kama una JPEG tu, usivuke filta ya chungwa. Ukiweza, washa DNG, aina ya faili la RAW, kwenye simu.

Chembechembe (kelele za sensa) nazo zinaongezeka kwa sababu ya namba hasi. Kama chaneli zote zina chembechembe sawa, 130/−10/−20 hutoa karibu mara mbili ya zile za 30/59/11. Ndiyo maana picha ya ISO 3200, yaani iliyopigwa kwa usikivu mkubwa wa sensa, siipi nyekundu nzito, na kupunguza chembechembe za rangi nafanya kabla ya kugeuza. Baada ya kugeuza, programu haina tena rangi ya kuzitambulia.

Mizani ya nyeupe, yaani mpangilio wa joto la rangi ya picha, nayo hukamilishwa kabla ya kugeuza, wala haiguswi tena. Kuitoa kelvini 5500 kwenda 8000 kunapandisha nyekundu na kushusha bluu, yaani tayari umeweka filta ya joto kabla hujafungua kichanganyaji. Wengi hushangaa kwa nini namba zile zile zinatoa anga tofauti kwenye picha mbili za saa moja. Kamera ilikuwa kwenye mizani ya otomatiki. Wakati wa kupiga, angalia histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwangaza) ya rangi tatu badala ya ile moja ya mwangaza. Jua la jioni hujaza chaneli nyekundu mapema, na ikifika ukingo wa kulia napunguza theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu.

Kuna mahali filta nyekundu haifai hata ikiwa imefanywa vizuri. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, kivuli kinamulikwa na anga la bluu, kwa hiyo nyekundu inakifanya kuwa shimo jeusi na milango ya nakshi inapotea humo. Hapo manjano inatosha. Mlango wenyewe unapendeza kwa kijani: mbao ya 95/60/40 na njumu ya shaba ya 180/140/80 zinatengana zaidi kwa uwiano kwenye kijani, 60 dhidi ya 140, kuliko kwenye nyekundu, 95 dhidi ya 180. Kilimanjaro ikitazamwa kutoka Amboseli ni kinyume chake, maana ukungu mwembamba wa mbali ni wa bluu na chaneli nyekundu inaupunguza. Vumbi na moshi mzito havipungui. Anga la mawingu ya kijivu halibadiliki kwa filta yoyote, na anga karibu na upeo wa bahari ni jeupe mno kushuka sana. Mng'ao juu ya maji nao hauondoki kwa kuchanganya chaneli. Huo unataka polaraiza halisi, filta inayozuia mwanga unaoakisiwa, kwenye lenzi.

Kwa programu: katika GIMP fungua Colors, kisha Components, halafu Mono Mixer, uandike 0.55 badala ya 55. Katika Photoshop tumia Channel Mixer yenye alama ya Monochrome, kwenye leya ya marekebisho ili uweze kurudi. RawTherapee ina filta za rangi zilizotajwa kwa majina ndani ya Black-and-White, na darktable ina kichupo cha kijivu ndani ya color calibration. Kwenye simu, Snapseed inatosha kwa kazi ya haraka.

Fanya kazi yote katika biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za mwangaza. Ukishuka hadi biti 8 kwa ajili ya kuchapisha, anga lililoshushwa sana linaweza kuonyesha mistari kama ngazi. Ongeza chembechembe laini za filamu kabla ya kuhifadhi, kiasi ambacho kinaonekana kwa asilimia 100 na kutoweka kwenye karatasi, na mistari hiyo inavunjika.