Pikapu ya marehemu baba: kuwaka kwa taabu na mlio wa silinda ya tano

Jumapili, Juni 9

Leo nimepiga stata mara saba ndipo pikapu ikawaka. Baridi ya Njombe mwezi huu haina mchezo. Saa kumi na mbili asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa sakitu. Ilipowaka ilitetemeka mwili mzima kwa muda, ikazima, nikaiwasha tena, ikatoa moshi mweupe mpaka mama akafunga dirisha la jikoni. Na ndani ya huo moshi kuna mlio: ka-ka-ka-ka, mkavu, wa chuma kwa chuma. Injini ikipata moto mlio unapungua, lakini hauishi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996. Injini yake ni 1HZ: silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Baba aliitunza kwa daftari, kila sevisi ameandika kwa mkono wake, na ndiyo inayotupakilia viazi mpaka leo. Mafundi watatu wameisikiliza na wote wamesema neno moja: pampu. Inawezekana. Ila pampu ya dizeli ndiyo kitu cha gharama kuliko vyote hapo mbele, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepima chochote kabla ya kuitaja. Nimeamua kuanza na vya bei rahisi, kimoja kimoja, na kuandika ninachokiona.

Jumatano, Juni 12

Hita plagi. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuunguza mafuta, na kwenye 1HZ inabanwa zaidi ya mara 22. Lakini injini hii hairushi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni; inayarushia kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi. Asubuhi ya baridi kuta za kile kichumba zinanyonya joto lote kabla mafuta hayajashika. Hita plagi ipo kwa ajili hiyo tu: kukipasha moto kichumba kwa umeme. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita silindani bila kuungua.

Nimefungua kile kibati kinachounganisha plagi zote 6, ili kila moja ibaki peke yake. Nimechukua taa ya kupimia ya volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine nikagusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka plagi ni nzima, isipowaka imekatika ndani. Ya kwanza, kimya. Ya pili imewaka. Ya tatu, ya nne na ya tano, kimya. Ya sita imewaka. Yaani miezi yote hii tumekuwa tukiwasha kwa plagi mbili.

Kuzing'oa ndiko kulikonipa hofu, kwa sababu plagi iliyokaa miaka mingi inaweza kukatikia ndani ya hedi. Nilipuliza mafuta ya kulainisha kutu jana jioni, leo nikawasha injini mpaka ikapata moto, nikazima, ndipo nikafungua polepole: robo kwenda, kidogo kurudi. Zote zimetoka salama.

Jambo la kuangalia ukienda dukani: plagi za 1HZ zipo za volti tofauti, maana kuna magari ya mfumo wa volti 12 na ya volti 24. Nenda na ya zamani mkononi, soma namba iliyochapwa juu yake. Na kabla ya kufunga mpya, pima kama umeme unafika pale kwenye kibati funguo ikiwa ON. Wangu unafika, kwa hiyo relei, swichi inayozipelekea umeme, ni nzima.

Hapa niseme jambo ambalo limeniuma. Mafundi wengi wa huku, gari likigoma asubuhi, wanaloweka kitambaa kwenye petroli na kukiweka mdomoni mwa filta ya hewa. Linawaka, kweli, na mwenye gari anashukuru. Lakini mvuke wa petroli unalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na kama hita plagi ziko moto ndiyo hatari zaidi. Hivyo ndivyo ringi zinavyovunjika. Pikapu hii ilishafanyiwa hivyo mara mbili nikiwa safarini, na sikupenda hata kidogo.

Jumatatu, Juni 17

Plagi mpya 6. Jumamosi asubuhi iliwaka kwa stata moja, moshi kidogo tu. Nilifurahi kwa sekunde kama kumi, kisha ikazima. Kuwaka tena ikawa kazi ileile.

Kuwaka vizuri, kuzima, kisha kugoma, mara nyingi maana yake ni upepo. Usiku dizeli inarudi kwenye tenki kwa sababu kuna mahali hewa inaingia. Asubuhi injini inatumia ile iliyobaki ndani ya pampu, halafu inakutana na mapovu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kugusa funguo, nilibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Mara kumi na mbili za kwanza ilikuwa laini, haina kitu. Kisha ikaanza kukaza. Nilipoiwasha baada ya hapo, haikuzima. Jibu lilikuwa limeshapatikana nusu.

Nusu nyingine imetokana na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, nilioufunga kati ya filta na pampu. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mapovu yanapita mfululizo, madogo, kama ya soda. Nikaning'iniza kidumu cha dizeli safi kwenye boneti iliyofunguliwa na kuingiza mpira moja kwa moja kwenye pampu, nikiruka tenki na filta. Mapovu yakaisha, na injini ikakaa sawa. Kwa hiyo pampu inavuta vizuri; upepo unaingia kabla yake.

Nimerudi nyuma kipande kwa kipande mpaka kwenye ile pampu ya mkono. Mpira wa ndani umekauka na una mpasuko mwembamba. Nje hapakuwa na tone hata moja, na ndiyo maana hakuna aliyepashuku. Kwenye gari hili pampu kubwa ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tenki, hivyo sehemu yote ya nyuma yake inanyonya. Mwanya mdogo hapo hauvujishi mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Nimenunua kichwa kizima cha filta na filta mpya, nikatoa upepo, nikaacha usiku kucha. Leo Jumatatu: stata moja, haijazima.

Jumamosi, Juni 22

Umebaki mlio. Valvu nimezipima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), ziko ndani ya vipimo. Kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni, nilisikia mgongo wa injini umetulia isipokuwa upande wa nyuma, karibu na silinda ya tano.

Mpwa wangu alikaa kwenye usukani, mimi nikawa nalegeza nati za bomba za nozeli, zile zinazorusha mafuta, moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensi. Weka kitambaa juu ya nati, vaa miwani, na usiweke kidole karibu: dizeli ya presha ile inapenya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali. Ya kwanza nilipoilegeza, injini ilimisi na kushuka. Ya pili, ya tatu na ya nne vilevile. Nilipolegeza ya tano mlio ulikatika palepale.

"Mjomba, umeizima?" mpwa akauliza. Ilikuwa bado inanguruma, ila kwa utulivu ambao yeye hajawahi kuusikia.

Hata hivyo sikushangilia. Beringi ya kondirodi (mkono unaoshika pistoni) iliyochoka nayo inapunguza kelele ukiinyima silinda yake mafuta, na beringi ni kufungua injini nzima. Njia ya kutofautisha ni kuhamisha. Nimetoa nozeli ya tano nikaiweka ya pili, ya pili nikaipeleka ya tano, kwa washa mpya (kipete cha chuma) chini yake. Kelele imehamia silinda ya pili. Beringi haihami. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango dakika kadhaa bila kufanya kitu chochote.

Jumatano, Juni 26

Nimepeleka nozeli zote 6 kwa mzee mmoja mwenye mashine ya mkono ya kupimia. Alifunga ya kwanza, akavuta mpini polepole: ikafunguka karibu na bar 150, ikatoa ukungu mwembamba na mlio wa krrr. Akafunga ile mbovu. Haikufika hata 110, na haikutoa ukungu. Ilitoa mshirizi kama mkojo wa mtoto, kisha tone likabaki linaning'inia kwenye ncha.

"Hilo tone ndilo linalogonga," akasema. "Linaingia mapema, linajikusanya, halafu linaungua lote kwa pamoja. Pampu yako nzima, mwanangu. Iache ilivyo."

Amebadilisha ncha ya nozeli hiyo, na mbili nyingine amezipandisha presha kwa kuongeza shimu (kibati chembamba) ndani ili zote 6 zilingane.

Jumamosi, Juni 29

Asubuhi tatu mfululizo: stata moja, moshi kidogo, sailensi imetulia. Ngurumo ya dizeli ipo, ndivyo 1HZ ilivyo, lakini ule mgongano mkavu umekwisha.

Nikiandika haya yote kwenye daftari la baba nimekuta ukurasa wa mkanda wa taimingi. Aliubadilisha kwenye kilomita 268,000. Leo inasoma 361,400, na mkanda huu ni wa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Nimeshaagiza mkanda na rola yake. Mpaka vifike, viazi vya Makambako vitakwenda kwa gari la kukodi.